Blu-ray Haikukataliwa na Watu

Mtajie Blu-ray mtu yeyote anayefuatilia habari za teknolojia, awe Dar es Salaam, Nairobi au London, atakupa maelezo yale yale bila kusita. Atasema watu hawakuitaka. DVD iliwatosha, picha ya HD ilikuwa anasa ya wachache, na intaneti ilikuwa imeshapiga hodi, kwa hiyo diski ile ilizaliwa ikiwa maiti. Nimeyasikia maneno haya kwa wauza vifaa, nimeyasoma kwa wachambuzi wa biashara, na kinachoniuma zaidi, nimeyasikia kwa watengenezaji wa filamu, watu ambao kazi yao ndiyo iliyokuwa ikihifadhiwa kwenye diski hizo.

Ninayapinga kwa sababu yanamtwisha mnunuzi lawama isiyo yake. Mnunuzi aliletewa bidhaa iliyokuwa imegawanywa vipande viwili na wale wale walioiunda, akatajiwa bei ya kumfukuza dukani, akawekewa kufuli juu ya kufuli, na alipositasita akaambiwa kwamba hana haja nayo. Hukumu hiyo ndiyo inayotumika leo kuziondoa diski madukani. Ndiyo maana inafaa kurudi nyuma na kuangalia nani alifanya nini, na lini.

DVD iliingia sokoni Japani Novemba 1996, na Marekani Machi 1997. Ilisomwa kwa leza nyekundu na tabaka lake moja lilibeba gigabaiti 4.7. Hatua iliyofuata ilitokana na leza ya buluu-zambarau, yenye mawimbi mafupi zaidi, nanomita 405 badala ya 650, inayoweza kusoma alama ndogo zaidi zilizobanana zaidi. Nyuma yake kuna kazi ya miaka mingi ya Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia. Mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kuvumbua taa ya LED ya buluu, ambayo ni ndugu wa leza hiyo.

Februari 2002 makampuni tisa, yakiwemo Sony, Panasonic, Philips, Samsung na LG, yalitangaza Blu-ray. Toshiba na NEC nao wakaja na mradi wao, ambao baadaye uliitwa HD DVD. Ya kwanza ilibeba gigabaiti 25 kwa tabaka, ya pili 15. Leza ni ile ile. Picha ni ile ile ya mistari 1080. Hata njia za kubana picha zilikuwa zile zile. Kwa mtu aliyekaa kwenye kochi na remoti mkononi, hizi zilikuwa bidhaa moja yenye majina mawili.

Tofauti ilikuwa viwandani na kwenye vitabu vya hesabu. Data ya HD DVD ilikaa milimita 0.6 chini ya uso wa diski, sawa na DVD, hivyo mitambo ya zamani ingeweza kurekebishwa na kuendelea na kazi. Data ya Blu-ray ilikaa milimita 0.1 tu chini ya uso, na hilo lilidai mitambo mipya. Halafu kulikuwa na mirabaha: kila diski itakayochapishwa duniani na kila deki itakayouzwa ingemlipa mwenye hataza. Mwaka 2005 pande hizo mbili zilikaa mezani kutafuta muungano, zikashindwana. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyekuwa kwenye meza hiyo. Kila kilichofuata, pamoja na kile tunachokiita leo "kukataa" kwa watu, kilianzia pale.

Tarehe 18 Aprili 2006 Toshiba ilianza kuuza Marekani deki ya HD-A1 kwa dola 499. Miezi miwili baadaye Samsung ikaleta BD-P1000, deki ya kwanza ya Blu-ray huko, kwa dola 999. Novemba ikaja PlayStation 3 kwa dola 499 na 599, ikiwa na Blu-ray ndani yake, na Sony ikiiuza kwa hasara. Ulaya haikuipata hadi Machi 2007 kwa sababu vyanzo vya leza ya buluu havikutosha. Bidhaa inayosemekana haikutakiwa na mtu ilikuwa haijatosha hata kwa waliokuwa wakiisubiri.

Sasa chukua familia ya kawaida ya Marekani mwishoni mwa mwaka 2007. Wamenunua runinga bapa mpya. Wana akiba kidogo ya deki. Watoto wanataka katuni ya Cars ya Disney, ambayo kwa HD imetoka kwa Blu-ray pekee. Kijana mkubwa anataka Transformers, ambayo imetoka kwa HD DVD pekee, kwa kuwa Agosti mwaka huo Paramount na DreamWorks Animation walihamia upande wa Toshiba, na magazeti yakaripoti kuwa walipewa vivutio vya dola milioni 150. Michael Bay, mwongozaji wa Transformers, alikasirika hadharani, kisha akatulizwa. Kati ya studio, Fox na Sony wako upande wa Blu-ray, Universal yuko HD DVD, Warner anauza kwa wote wawili. LG walikuwa na deki moja inayosoma diski za aina zote mbili, BH100, iliyotoka kwa dola 1,199, na bado haikuweza kuonyesha menyu kamili za HD DVD. Mzazi mwenye akili zake angefanya nini hapo? Angenunua DVD ya dola chache na kusubiri.

Kusubiri huko ndiko kulikohesabiwa kuwa ni kukataa. Kila robo ya mwaka takwimu zilitoka, wachambuzi wakaona diski mpya hazisogei kama zilivyosogea DVD, wakaandika kwamba watu hawaoni tofauti. Hawakuandika kwamba watu wameona hatari. Na walikuwa na sababu ya kuiona, kwani miaka michache kabla ya hapo makampuni yalikuwa yamecheza mchezo huo huo kwenye muziki. Super Audio CD upande mmoja, DVD-Audio upande mwingine, zote zikidai kuwa mrithi wa CD. Wasikilizaji wakangoja mshindi, mshindi hakupatikana, na zote mbili zikabaki vitu vya wapenzi wachache. Aliyenunua mapema alibaki na rafu ya diski asizoweza kuziongeza. Walioishuhudia hali hiyo hawakuhitaji mtaalamu wa masoko kuwaambia wafanye nini.

Ushahidi kwamba bei na hofu ndivyo vilivyokuwa kizuizi ulionekana waziwazi mwanzoni mwa Novemba 2007, pale Wal-Mart ilipoiuza deki ya Toshiba HD-A2 kwa dola 98.87. Watu walipanga foleni na mashine zikaisha. Ni watu wale wale ambao hadithi inasema hawakuitaka picha ya HD. Bei ilipoteremka hadi mahali ambapo kukosea kusingeumiza sana, walinunua upande wowote uliokuwa mbele yao.

Hata mshindi hakuchaguliwa na watu hao. Tarehe 4 Januari 2008, siku chache kabla ya maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki ya Las Vegas, Warner ilitangaza kuhamia Blu-ray peke yake. Kundi la HD DVD likafuta mkutano wake na waandishi wa habari. Februari 11 Netflix, iliyokuwa bado ikikodisha diski kwa posta, na maduka ya Best Buy wakaegemea Blu-ray, Februari 15 Wal-Mart ikafuata, na Februari 19 Toshiba ikasalimu amri. Wiki sita na nusu, na vita vikaisha. Anayesema soko liliamua aniambie ni mnunuzi gani aliyeulizwa katika wiki hizo. Waliopanga foleni kwa ajili ya ile deki ya dola 98.87 walikuwa hawajamaliza hata miezi minne nayo.

Best Buy ilijaribu kuwaliwaza waliobaki na mashine za HD DVD kwa kadi za zawadi za dola 50. Ni jambo la heshima kidogo, nalitambua, lakini fikiria somo lililobaki kichwani mwa mtu huyo na jirani zake wote waliosikia habari zake. Alikuwa mteja wa mbele, yule anayewashawishi wengine kwa kuwakaribisha nyumbani waone. Wakamgeuza kuwa mfano wa kuwatisha wengine.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mshindani alipotoka uwanjani, Blu-ray haikuwa na sababu ya kuharakisha kushusha bei, na ilichukua muda mrefu kabla ya deki zake kufika pale ambapo Toshiba ilikuwa imefika Novemba ile. Waliokuwa wamenunua deki za mwanzo za Blu-ray waligundua kwamba mashine zao zilitengenezwa kwa kiwango cha kwanza tu. Kiwango cha pili, kinachoonyesha video ndogo ndani ya video, kilianza mwishoni mwa 2007, na cha tatu, kinachounganisha diski na intaneti, kilikuja baadaye. HD DVD ilikuwa imeyalazimisha yote hayo kwenye kila deki tangu siku ya kwanza. PlayStation 3 iliweza kusasishwa, na kwa sababu hiyo iliendelea kupendekezwa kama deki bora. Wengine wengi walitakiwa kununua upya. Ilipofika Novemba 2008, Netflix nayo ikaanza kuwatoza dola moja zaidi kwa mwezi wateja waliotaka kupelekewa diski za Blu-ray. Teknolojia ikiwa bado inatafuta miguu, anayeikubali anaongezewa gharama, huku benki ya Lehman Brothers ikiwa imeanguka miezi miwili tu nyuma na watu wakiwa wanapoteza nyumba zao.

Nakuja kwenye hoja ya kwamba DVD iliwatosha. Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu zaidi, na kuna kitu cha kweli ndani yake. Kutoka mkanda wa VHS kwenda DVD kulimpa mtu mambo mengi kwa mkupuo: hakuna kurudisha mkanda nyuma, hakuna utepe kuliwa na deki, unaruka hadi tukio unalotaka, na diski inakaa mahali padogo. Kutoka DVD kwenda Blu-ray kulimpa picha na sauti tu. Kwa mtu mwenye runinga ya zamani ya chogo, hakukumpa chochote.

Lakini waangalie watu hao hao katika miaka hiyo hiyo. Walikuwa wanazitupa runinga za chogo kwa mamilioni na kununua za HD, kwa mamia na maelfu ya dola. Mtu anayelipa kiasi hicho kwa ajili ya kioo amelipia picha. Hakuna kingine ambacho kioo kile kilimpa zaidi ya nafasi ukutani. Huwezi kumchukua mtu huyo na kudai kwamba picha haikumhusu. Alichokosa ni mtu wa kumpelekea kitu cha kuonyesha kwenye kioo hicho kwa njia inayoeleweka. Baya zaidi, walionunua runinga za HD mapema kabisa, kabla ya waya za HDMI kuenea, ndio walioandaliwa adhabu. Mfumo wa ulinzi wa AACS uliokuwa ndani ya diski zote mbili uliipa studio uwezo wa kuamuru deki ishushe ubora wa picha inayopitia waya za analojia. Studio zilijizuia kuutumia kwa muda, lakini deki zilizotengenezwa baada ya mwaka 2010 zilibanwa zisitoe HD kwa waya hizo, na baada ya 2013 zikazuiwa kabisa kutoa picha ya analojia. Mashabiki wa kwanza wa HD ndio waliochukuliwa kuwa watuhumiwa wa kwanza.

Na watu huona tofauti. Tarehe 28 Aprili 2019, kipindi cha Game of Thrones kiitwacho The Long Night kilirushwa, karibu chote kikiwa usiku. Mitandao ilijaa malalamiko: hatuoni kitu. Mpigapicha wake, Fabian Wagner, aliitetea kazi yake na kuitaja mipangilio ya runinga za watu na jinsi picha ilivyobanwa njiani. Tazama tukio la aina hiyo kwa intaneti. Anga jeusi linakatika mabaka, kijivu juu ya kijivu kizito zaidi, na kingo za mabaka hayo zinatambaa kila mtu anapopita mbele ya moto. Moshi unageuka vigae. Nywele za mtu aliyesimama gizani zinaungana na ukuta. Weka diski ya tukio lile lile, giza linarudi kuwa giza na ndani yake unaona pindo la joho. Sababu ni hesabu za kawaida. Blu-ray huruhusu picha hadi megabiti 40 kwa sekunde. Netflix hushauri mteja awe na intaneti ya megabiti 5 kwa picha ya mistari 1080 na 15 kwa 4K. Mbinu za kubana zimeboreshwa sana tangu 2006, nakubali, lakini hakuna mbinu inayorudisha kilichotupwa.

Ama ile hoja ya intaneti kuwa ndiyo iliyoiua Blu-ray, tarehe zenyewe zinaikana. Netflix ilianza kuonyesha filamu kwa intaneti Januari 2007, kwenye kompyuta tu, kwa filamu kama elfu moja na kwa picha isiyofikia hata ubora wa diski hizi. Kisanduku cha kwanza cha Roku cha kuipeleka kwenye runinga kilitoka Mei 2008, vita vya diski vikiwa vimeisha. Miaka miwili iliyoipa Blu-ray jina la kitu kisichotakiwa ilipita kabla utiririshaji haujafika sebuleni. Februari 2008 Netflix yenyewe ilikuwa inatangaza ni diski gani ya HD itakayoendelea kuinunua.

Hapa kuna jambo ambalo wasimuliaji wa hadithi ile hulisahau. Deki za Blu-ray ni miongoni mwa milango ya kwanza ambayo utiririshaji uliingilia sebuleni. LG ilileta deki inayoonyesha Netflix mwaka 2008. Novemba 2009 Netflix ilipofika kwenye PlayStation 3, mteja alitumiwa diski ya Blu-ray kwa posta, akaiweka ndani ya mashine kila alipotaka kutazama, na hali hiyo iliendelea hadi mwishoni mwa 2010. Diski ilimbeba mrithi wake mgongoni hadi ndani ya nyumba za watu, halafu ikaandikiwa taarifa ya kifo yenye jina la mrithi huyo kama mshindi.

Kilichoufanya utiririshaji upendwe haraka ni kwamba ulikuwa kinyume cha kila kosa la diski. Hakuna kuchagua kambi. Hakuna deki ya dola 999. Hakuna kusubiri. Deki za mwanzo za HD zilichukua muda wa kuudhi kuwaka na kusoma diski, na baada ya hapo ulilazimika kupita maonyo na matangazo. Aprili 2010 Avatar, filamu iliyokuwa imeongoza mapato duniani, ilipotoka kwa Blu-ray, wanunuzi wengi walifika nyumbani, wakaiingiza kwenye deki, na haikucheza. Ulinzi mpya uliowekwa kwenye diski ulihitaji deki isasishwe kwanza. Mtu amelipa, ana diski halali mkononi, ana familia imekaa, na mashine inamwambia akatafute programu. Anayetaka kujua kwa nini watu waliuchukua utiririshaji kwa mikono miwili aanzie kwenye sebule hiyo. Walikimbia kufuli, na watengenezaji wakatafsiri mbio hizo kuwa ni kuikimbia diski.

Kufuli hizo zilitufikia hata sisi wa pwani hii. DVD iligawa dunia katika kanda, nasi tukawekwa kanda ya 5, wakati Uingereza na Ghuba ziko kanda ya 2. Lakini deki za bei nafuu zilizoshuka Kariakoo na River Road zilisoma diski ya kanda yoyote, na ulinzi wa DVD ulikuwa umevunjwa tangu 1999. DVD ilienea kwetu, ikajaza laibrari za mitaani na vibanda umiza, ikabeba filamu za mwigizaji Kanumba hadi Lubumbashi na Bujumbura, kwa sababu kufuli lake lilikuwa bovu. Mtayarishaji mdogo wa Dar aliweza kuchapisha filamu yake bila kumwomba mtu ruhusa. Kwenye Blu-ray, filamu inayochapishwa kiwandani ilitakiwa iwe na AACS na kulipia ada zake, atake mtayarishaji asitake. HD DVD haikumlazimisha. Katika jambo hili moja aliyeshindwa alikuwa bora kuliko aliyeshinda, na nchi kama zetu ndizo zilizolipa.

Kwenye Blu-ray, Afrika Mashariki iliwekwa kanda B pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati, na Marekani ikawa kanda A. Binamu yangu anayeishi Marekani aliwahi kuniletea diski kama zawadi ya Idi, ameinunua dukani kwa fedha zake, bado iko kwenye nailoni yake. Deki yangu ikaandika kwenye kioo kwamba diski hii haiwezi kuchezwa katika kanda hii, ikaitema. Mama alikuwa amekaa hapo, akauliza, "Kwani mwanangu, imeibiwa?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nakala ya wizi ya filamu hiyo, iliyowekwa kwenye flashi kwa shilingi mia tano, ingecheza bila kuuliza swali. Hapo ndipo mtu mwaminifu anapofundishwa kwamba uaminifu hauna faida, na somo hilo hatulipati kutoka kwa wezi.

Kwa hiyo mtu wa Dar au Mombasa anaposema "huku Blu-ray haikuwahi kutakiwa", namwomba ataje duka lililowahi kuiuza kwa bei ya mtu wa kipato cha kati, na filamu ngapi za Kiswahili zilizowahi kutolewa kwa diski hiyo. Tuliruka kutoka DVD kwenda kwenye flashi, kisha kwenye bando la simu. Hakuna kituo cha katikati tulichokikataa, kwa kuwa hatukuwahi kushushwa hapo.

Haya yote yangekuwa historia ya vifaa tu kama hukumu ile isingekuwa inaendelea kufanya kazi. Oppo iliacha kutengeneza deki 2018. Samsung ilijitoa kwenye soko la deki Marekani 2019. Septemba 2023 Netflix ilituma diski yake ya mwisho kwa posta, na 2024 Best Buy ikaacha kuuza filamu za diski. Kuondoka kwao kunaelezwa kuwa ni kufuata matakwa ya wateja. Wakati huo huo, bidhaa zilizochukua nafasi ya diski zimeanza kuonyesha masharti yake. Mei 2023 Disney iliondoa kwenye huduma yake filamu na tamthilia ilizozitengeneza yenyewe, ikiwemo Willow, na baadhi hazikuwa na nakala popote ambapo mtazamaji angeweza kununua. Desemba mwaka huo Sony iliwatangazia wateja kwamba vipindi vya Discovery walivyovinunua kwenye duka la PlayStation vitaondolewa kwenye maktaba zao. Baada ya kelele kubwa uamuzi ukasitishwa, lakini uwezo wa kuufanya ulikuwepo na bado upo. Tangu Januari 2025 sheria ya California inawataka wauzaji wa bidhaa za dijitali wasitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Serikali ililazimika kutunga sheria ili mtu aambiwe kwamba kitu alicholipia si chake.

Nani aliyeuchagua mpangilio huu? Wanasema ni watu, walipoikataa diski. Nimeeleza kwa nini siamini. Watu walichagua urahisi dhidi ya usumbufu uliotengenezwa, na hakuna aliyewaambia kwamba ndani ya urahisi huo wanaachia haki ya kuwa na nakala yao, kuiazimisha kwa jirani, kumrithisha mtoto, au kuitazama siku ambayo umeme upo na mtandao haupo. Wapenzi wa filamu za Kiswahili wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Filamu nyingi za Bongo za miaka ya 2000 leo zinaonekana tu kwa nakala zilizofifia za VCD na DVD, na bila diski hizo hafifu nyingi zisingeonekana kabisa.

Mwaka 2016 wenye Blu-ray walitoa diski ya 4K, na safari hii walifanya karibu yote waliyopaswa kuyafanya miaka kumi kabla. Umbo moja tu, bila kambi pinzani. Hakuna kanda hata moja: diski ya 4K iliyonunuliwa Chicago inacheza Zanzibar. Deki zake zinasoma Blu-ray na DVD za zamani pia. Ilikuja wakati maduka yameshaanza kufunga rafu, na kwa sehemu kubwa haikutangazwa. Pamoja na hayo, Novemba 2023 Oppenheimer ilipotoka kwa diski hiyo, baada ya mwongozaji wake, Christopher Nolan, kuwahimiza watu hadharani wawe na nakala yao isiyoweza kuondolewa na huduma yoyote ya utiririshaji, ilikwisha kwenye maduka makubwa ya Marekani ndani ya siku chache, na Universal ikalazimika kuchapisha nyingine. Filamu ya saa tatu, kwenye diski ambayo wachambuzi walikuwa wameshaizika, na wanunuzi wakaambiwa wasubiri mzigo mpya.